Mkanda Uliookotwa Porini

Ngozi ambayo haijavaliwa haipotezi harufu ya dukani. Nililijua hilo wiki iliyopita, nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati la marehemu baba, natoa kitu kimoja kimoja na kukiweka juu ya mkeka: shati la kanisani, kofia ya sufu iliyoliwa na mende, kisu chake cha kurinia asali kimeviringishwa kwenye kipande cha gunia. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mkanda wa suruali, ngozi halisi, rangi ya kahawa, chuma chake bado kimefunikwa na kile kikaratasi laini cha kiwandani. Nilimnunulia mimi, kwa mshahara wangu wa kwanza. Baba hakuuvaa hata siku moja. Siku ya kumzika niliutafuta nyumba nzima ili avalishwe pamoja na suti niliyomletea, sikuuona, nikachoka, nikaacha.

Nikakaa chini nao mkononi. Uchovu wa msiba mnaujua nyie mliokwisha kuzika mzazi. Wageni wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na ndipo mwili unakumbuka kwamba ulikuwa umesimama muda wote huo. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa na hasira kidogo na marehemu kwa sababu ya ule mfuko wa nailoni.

Sebuleni watoto wa kaka yangu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni yangu kubwa wakiangalia sinema. Ilikuwa imesambaa kwenye simu za watu wote mwezi huo. Vijana wachache waliitengeneza kwa simu na tochi, wakasema ni ya kweli, na nchi nzima ikasema imeshindwa kulala.

"Mbona inatikisika tu?" mdogo akasema. "Mpigapicha ana malaria?"

"Tulia wewe, linakuja," dada yake Neema akamjibu.

"Linakuja tangu saa ngapi? Nusu saa nzima wanatembea."

"Shangazi, njoo uone," Neema akaniita. "Wanasema ni video iliyookotwa. Wenyewe walipotea, simu yao ikakutwa porini."

Nilisema bila kufikiri, "Sisi tuliita mkanda. Mkanda uliookotwa."

Mdogo akageuka, akaniangalia mimi, akaangalia mkono wangu, akacheka. "Mkanda si huo ulioshika, shangazi?"

Alikuwa amesema, kwa mzaha, kosa lile lile nililolifanya mimi nikiwa mdogo kuliko yeye, na mimi sikulifanya kwa mzaha.

Kabla sijaendelea, ijulikane ninayeongea ni nani. Mimi ni mtu wa stashahada, Stashahada ya Maabara, niliyoisoma kwa kufua nguo za wenzangu bwenini na kuuza barafu likizo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimepima damu za watu katika mikoa minne, nikarudi kwetu kwa hiari yangu wakati wenzangu wanaona aibu kutaja Kakese hata kwa jina. Nyumba hii nimejenga mimi. Bati rangi ya damu ya mzee, tailizi mpaka jikoni, geti linaloteleza kwenye reli. Mtu akipita kwa pikipiki kwenda Mpanda mjini anapunguza mwendo kuiangalia, na mimi namwacha aangalie. Nasema haya ili mjue kwamba hadithi inayofuata haisimuliwi na mtu anayeamini mizimu. Ninaamini darubini. Lakini nilipokuwa darasa la pili niliamini kwamba nimemuua baba yangu kwa sala.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa mbali, upande wa Inyonga, ndani ya miombo, na kila msimu aliondoka kwa baiskeli akiwa na shoka, madumu matupu na unga wa kumtosha. Alirudi ananuka moshi na nta, ndevu zimeota, na kwa siku mbili tatu sisi watoto tulinyonya masega mpaka meno yakauma. Nyumbani kwetu kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuhusu safari hizo: hakuna kuhesabu siku za mtu aliyeko kwenye mizinga. Huulizi atarudi lini. Husemi amekawia. Mama alisema nyuki husikia. Mtu akihesabiwa nyumbani, huko porini nyuki wanajua kwamba kuna anayewangoja wamwachie, nao hawamwachii. Kwa hiyo baba alipokuwa hayupo tuliishi kama vile hajaondoka na wala hatarudi. Sahani yake ilikaa mahali pake. Jina lake halikutajwa.

Na baba alikuwa na mkanda. Mpana, mweusi, aliupata kwa askari mstaafu kwa kubadilishana na asali. Kwa kuwa alikuwa mwembamba, aliutoboa matundu yake mwenyewe kwa msumari wa moto, matundu manne yaliyopinda, na ncha ya mkanda ikawa ndefu inaning'inia kama ulimi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika suruali. Kazi yake ya pili tuliijua sisi watoto.

Siku moja kabla ya safari hiyo ninayoisimulia, alinikuta nimebandika jicho kwenye tundu la bati la banda la video. Banda lilikuwa la kaka mmoja anaitwa Sadi, karibu na gulio: miti, mabati ya zamani, jenereta nje, ndani televisheni moja na deki ya kuchezeshea mikanda. Nilikuwa nimekatazwa kufika pale. Baba hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akafungua kiuno. Nilipigwa mitatu, mbele ya wenzangu waliokuwa wanacheza rede, na suruali yake ilipoanza kuteremka kwa kukosa mkanda, ikabidi aishike kwa mkono wa kushoto huku ananipiga kwa wa kulia. Wenzangu walicheka. Sikujua kama wanamcheka yeye au mimi. Jioni nilikwenda nyuma ya jiko, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa mafundisho ya komunyo, nikaomba kwa maneno ambayo nayakumbuka vizuri kuliko kiapo changu cha kazi: "Mungu, mkanda huu upotelee porini, usirudi nyumbani."

Alfajiri baba akaondoka nao kiunoni.

Mwezi ukaisha. Mwingine ukaanza. Mvua za kwanza zikanyesha, majirani wakapanda mahindi, shamba letu likabaki na magugu. Mama hakusema neno. Lakini nilimwona anasimama mlangoni saa za jioni akijifanya anapepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa anahesabu, na kila mtu alikuwa anaficha hesabu yake.

Ndipo Sadi akapita na baiskeli yake.

Nyie wa rika langu mnakumbuka matangazo yalivyokuwa. Spika yenye mdomo mpana imefungwa mbele, betri ya gari nyuma, na sauti ile ile ndiyo ilitangaza kila kitu: msiba, chanjo ya kuku, mbuzi aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa, mwenyewe afike kwa mtendaji. Mimi nilikuwa kisimani. Nikasikia hivi, na maneno yalikuja yakiwa wazi kabisa:

"Mkanda! Mkanda umeokotwa porini! Wenyewe hawajaonekana mpaka leo hii! Ndugu zao wanalia! Mkanda utaonyeshwa Jumamosi, saa nane mchana, kwa Sadi! Mwenye moyo mdogo abaki kwao!"

Ndoo ikaniponyoka ikarudi kisimani.

Kwetu nyumbani neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Zile kaseti nyeusi za Sadi mimi sikuwahi kuzisikia zikiitwa hivyo. Nilizoea kusema naenda kuchungulia video. Mkanda ulikuwa kitu cha kiunoni. Umeokotwa porini. Mwenyewe hajaonekana. Na utaonyeshwa hadharani ili ndugu waje wautambue, kama ilivyo haki. Hata lile la moyo mdogo niliona limesemwa kwa ajili yangu. Mungu alikuwa amesikia, na alikuwa amechukua vyote viwili kwa sababu sikumweleza vizuri kwamba nataka kimoja.

Sikumwambia mama. Ningemwambia nini? Kumwambia ilikuwa kumtaja baba, na kumtaja ilikuwa kuvunja mwiko, na nilikuwa nimekwisha kuharibu vya kutosha. Jumamosi nilivaa gauni la kanisani, maana niliona ninakwenda kwenye jambo la msiba, nikaenda gulioni.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mpira. Sadi aliupamba mkanda wake kwa wiki nzima. Alikuwa amewaambia kwamba huko mkoani watu wawili walizimia, kwamba mganga mmoja alitoka mbio akaacha viatu. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni na kofia yake ameigeuza nyuma mbele.

"Wewe binti wa mrina asali, umefuata nini? Huu mkanda si wa watoto."

"Nimekuja kuutambua," nikasema.

"Kuu nini?"

"Kuutambua. Nikiutambua nauchukua."

Sadi akacheka mpaka akajishika kwenye nguzo. "Jamani, sikieni! Huyu anataka kuondoka na mkanda wangu! Dada, mkanda hauchukuliwi, unaangaliwa. Utauona huko ndani, kaa mbele chini, ukilia simrudishii mtu kiingilio."

Nikaona ni mtu mkatili, lakini nikaingia.

Nilikaa juu ya vumbi mbele kabisa, karibu na miguu ya fundi baiskeli wa pale gulioni, mzee Nestori. Alikuwa ametoka Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, akaoa kwetu, na alikuwa ndiye anayeziba pancha za baba. Mtu mkimya. Alikuwa na mifuko ya koti imejaa vipande vya mpira na gundi. Aliniona, akanisogezea ukingo wa gunia alilokalia.

Sadi akawasha. Alikuwa anatafsiri mwenyewe, kipaza sauti mkononi, na Kiingereza chake, sasa naweza kusema kwa kuwa nimesoma, kilikuwa cha kubahatisha. Kwenye kioo walionekana Wazungu watatu, wawili wanaume na mmoja mwanamke, wanatembea msituni kutafuta mnara wa zamani. Wenyewe walikuwa wanajipiga picha. Unaona majani, unaona mgongo, unaona kiatu, unasikia mtu anahema.

"Hapa wanasema," akatafsiri Sadi, "sasa tumeingia pori kubwa, pori kama la Inyonga hivi."

Inyonga! Nikakaza macho. Nilikuwa natafuta kiuno. Kila mwanaume akipita kwenye kioo mimi natafuta kiuno chake.

Watu walisubiri. Robo saa, nusu saa. Nimeangalia vitu vingi baadaye na nimesikia watu wakivisifu na kuviponda, lakini sijawahi kuona watazamaji wakikasirika taratibu vile.

"Sadi, jini liko wapi?"

"Linakuja."

"Hawa si wanatembea tu! Hata mimi nimetembea leo kutoka Kasimba, mbona hamjanilipia kiingilio?"

"Wameshiba hawa, wana mabegi. Mtu mwenye begi kubwa vile anaogopa nini?"

"Kaka, shikilia televisheni, picha inaanguka!"

"Si televisheni, ndivyo ilivyopigwa."

"Basi mpigaji alikuwa amekunywa."

Mama mmoja muuza dagaa akasema kichefuchefu kimemshika kwa kule kutikisika, akafunika macho na kanga, lakini akakataa kutoka kwa sababu alikwisha kulipa. Vijana wa nyuma wakaanza kulia kama fisi. Yule dada wa kwenye kioo akalia, akasema maneno mengi huku makamasi yanamtoka, na Sadi, aliyekwisha kupotea katika Kiingereza, akatafsiri kwa kifupi: "Anasema wamepotea." Banda zima likacheka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mzee Nestori. Nikamwangalia. Alikuwa ametoa kipande cha mpira mfukoni, anakizungusha kidoleni, anakizungusha, na macho hayatoki kwenye yale majani.

Kijana wa nyuma akasema, "Hamna kitu humu! Hatuoni kitu chochote!"

Mzee Nestori akajibu kwa sauti ndogo, hakuna aliyesikia ila mimi. "Ego, ndiyo. Huoni kitu. Ndivyo pori lilivyo." Baadaye maishani nilielewa kwamba yeye alitembea pori akiwa mtoto, kutoka kwao, na watu wake, na kwamba hakuna aliyewaona waliokuwa wanawafuata. Siku ile nilielewa tu kwamba mtu mzima anaogopa, na kwamba basi ni kweli.

Halafu kamera ikaanguka. Mnajua mwisho wa sinema za namna ile: mtu anapiga kelele, picha inabingirika, inatulia chini, na unabaki unaangalia ardhi. Majani makavu, mzizi, na pembeni mwa kioo kitu cheusi, kirefu, kimejikunja, ncha yake imelala kama ulimi. Leo najua ulikuwa ugwe wa begi. Lakini niliona matundu. Naapa niliona matundu manne yaliyopinda.

Nikasimama, nikanyoosha kidole, nikapiga yowe ambalo sijawahi kupiga tena, hata kwenye uchungu wa uzazi. "Ule paleee! Ule pale! Baba! Babaaa!"

Sinema haikuwa imemtisha mtu ila mzee Nestori. Mimi niliwatisha wote. Walidhani nimeliona lile walilolingoja saa nzima. Muuza dagaa alikuwa wa kwanza kupita ukutani, na ninaposema ukutani namaanisha alipita na bati. Vijana waliokuwa wanalia kama fisi wakapita juu ya benchi na juu yake. Sadi akakimbia na kipaza sauti mkononi, waya ukamfuata, jenereta nje ikazimika, na kilio cha "Linakuja! Linakuja!" kikaenda mpaka kwenye mabanda ya mchicha. Gulio zima likakimbia bila kujua linakimbia nini.

Tukabaki wawili. Mzee Nestori hakuwa amesimama.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "umeona nini?"

"Mkanda wa baba."

"Uko wapi?"

Nikamwonyesha kioo kilichozimika. Nilitegemea acheke kama Sadi, au anipeleke kwa mganga kama walivyoshauri wengine siku zilizofuata. Akauliza tu:

"Baba ameenda kwenye mizinga?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

Pale ndipo nilipovunja mwiko. Nilizitoa zote, nilikuwa nazo kichwani, siku moja moja, tangu alfajiri ile mpaka Jumamosi ile, na nilipomaliza kuhesabu nikamalizia na sala yangu ya nyuma ya jiko, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba na sikuwa na mtu mwingine. Nikamwambia mimi ndiye niliyeomba.

Hakunipa pole. Akaniinua mkono, akanipeleka nyumbani, akasimama uani akamwambia mama: "Shemeji, mimi si mtu wa huku, mwiko wenu sikukua nao. Siku hizi ni nyingi. Kwetu mtu wa porini akichelewa anafuatwa."

Mama akaweka ungo chini. Alilia kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke, na alilia kama mtu aliyepewa ruhusa.

Waliondoka siku ile ile, mzee Nestori na wanaume wengine wawili, kwa baiskeli. Mzee Nestori alipajua mahali baba alipoachaga baiskeli yake, kwa kuwa alimweleza wakati anamzibia pancha. Kwa siku walizokuwa huko mimi sikula vizuri, na Sadi alitajirika. Aliziba tundu la ukuta akaanza kutangaza upya: "Mkanda uliompagawisha mtoto wa Kakese! Mashahidi wapo!" Walikuja watu kutoka Mpanda mjini. Wale wale waliosema hamna kitu humu sasa walikuwa wanawasimulia wageni jinsi walivyoliona kwa macho yao, lenye nywele, lenye pembe. Muuza dagaa alionyesha kovu la bati akasema ni kucha.

Siku ya tano walirudi mchana, banda likiwa limejaa. Baba alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mzee Nestori, mguu mmoja umenyooka mbele kati ya fito mbili. Alianguka kutoka mtini, mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Alijifunga mwenyewe kwa mkanda, akaishi kambini kwa asali na maji ya dimbwi, na mguu ulipovimba mkanda ukamzama kwenye nyama. Kina mzee Nestori walipomkuta waliukata kwa kisu, wakauacha palepale kwenye majani. Sala yangu ilijibiwa neno kwa neno.

Watu wakatoka bandani kuangalia. Ndevu zimemfunika, amebaki macho, nzi wanamzunguka kwa utamu wa asali. Kisha kijana mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayeamini kabisa: "Ndiye yeye. Wa kwenye mkanda. Ametoka."

Wakakimbia tena.

Baba akauliza, "Hawa wana nini?" Mimi nikacheka na kulia, na nikaona kwamba suruali yake imefungwa kiunoni kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Kipande hicho hakikuondoka tena. Mguu ulipona, ukabaki na kuchechemea kidogo, baba akarudi kwenye mizinga, mambo yakawa mazuri na mabaya kama ya watu wote, na kiunoni palikuwa na mpira. Ukichakaa alikwenda kwa mzee Nestori akapewa mwingine. Nilipokuwa sekondari niliona aibu. Nilipopata stashahada na kufanya sherehe, nikaalika wakubwa zangu wapya wa kazi, baba akaja na koti zuri na mpira wa baiskeli ukachungulia kila alipoinua mikono kupiga makofi. Ndipo nikamnunulia huu wa ngozi. Alishukuru, akaugeuza geuza, akasema ni mzuri sana, na safari iliyofuata nikamkuta na mpira. Nikauliza, akasema, "Nimeuweka." Nikadhani ananionyesha kwamba hanihitaji. Miaka yote hii nimejenga, nimevuta maji, nimempeleka hospitali nzuri, na kila nikimwona anapandisha ile suruali nilihisi kuna mtihani mmoja ambao mzee huyu amekataa kunipasisha.

Mama alinikuta hapo chini, na sanduku limefunguliwa. Akauona mfuko wa nailoni. Akakaa juu ya kitanda polepole.

"Umeupata," akasema.

"Ulijua uko wapi? Siku ya mazishi nimeutafuta kama kichaa, mama."

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akanyoosha kanga yake magotini. "Nestori alimweleza njiani, siku ile anamleta. Alimweleza ulivyoomba. Baba yako alipofika, kabla hata hajaomba maji, aliniambia: mama, mkanda usiingie tena nyumba hii. Nikamwambia suruali je? Akasema, suruali itajijua."

Nikauviringisha mkanda mkononi.

"Ulipomletea huo ulimpa shida," mama akaendelea. "Kuutupa hawezi, umetoka kwako. Kuuvaa hawezi. Kila ukiondoka alikuwa anautoa, anaunusa, anasema huyu mtoto amefika mbali. Halafu anaurudisha."

"Na siku ya kumzika?"

"Niliwapa mpira wake wale waliomvalisha. Koti lilifunika, hukuona."

Aliinuka akaenda kuangalia moto. Nilibaki pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nimepima watu wengi, nimewaambia wengi matokeo yao kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyewahi kunisomea ya kwangu namna ile.

Sebuleni sinema ilikuwa inaisha. Nikaenda nikakaa kwenye zulia, mbele, chini kabisa, karibu na miguu ya Neema. Mkanda nikauweka mapajani.

"Hamna kitu humu," mdogo akasema, ameudhika. "Wametudanganya. Hatujaona kitu chochote."

Kwenye kioo mtu alipiga kelele, picha ikabingirika, ikatulia chini. Majani makavu, mzizi, giza pembeni. Maandishi yakaanza kupanda, Neema akanyoosha mkono kuzima.

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Imeisha, shangazi. Unatafuta nini?"

"Ngoja," nikasema, na nikasogea karibu na kioo.